Ndoto Nilizowaotea Akina Rannveig

Bakki, Aislandi
5 Novemba 1978

Mjukuu wangu Rannveig,

Sikuota. Naliandika hilo kabla ya salamu, kwa sababu nikitanguliza salamu nitaishia kwenye salamu, kama nilivyofanya katika barua zangu zote kwako. Bibi yangu Rannveig, ambaye wewe na mama zako watatu, dada na binamu za mama yako, mmepewa jina lake, hakuwahi kunijia usingizini kuomba jina lake lirudi duniani. Zile ndoto nne ambazo ukoo mzima unazisimulia kila Krismasi nilizisimulia nikiwa na akili zangu timamu, na ya kwanza niliitunga nikiwa na kijiko cha uji mkononi.

Haya, sasa salamu. Mimi nipo. Daktari anasema moyo wangu umechoka, nami nimemwambia una haki ya kuchoka, umefanya kazi miaka sabini na sita bila likizo. Amesema nikiwa na mambo ya kupanga niyapange. Mama yako mkubwa, Rannveig wa Kondoo, hajambo, na ananitunza kama anavyomtunza kondoo dume aliyezeeka: chakula kingi, maneno machache. Theluji imefunga njia ya mlimani, kwa hiyo barua hii itangoja mashua ya posta, na mashua itangoja upepo utulie. Tafadhali usinipigie simu. Unajua mashamba saba tunatumia waya mmoja. Kengele ikilia kwetu, saba wanainua. Juzi nilikuwa namweleza daktari habari za choo changu, jirani akadakia, "Jaribu maziwa mgando, Mwalimu!"

Salvör, mama yako, ameniandikia kwamba una mimba. Hongera. Ameniandikia pia kwamba unasononeka, maana siku zinakwenda na hakuna marehemu aliyekujia kuomba jina, na akina Rannveig wakubwa wameanza kutikisa vichwa. Ndiyo sababu nimeshika kalamu. Usisononeke, mwanangu. Hakuna aliyemjia yeyote kati yao. Lala usingizi wako.

Barua hii ichome. Mimi zako nazificha ndani ya kamusi ya Kilatini, mahali ambapo Rannveig wa Kondoo hajawahi kufungua.

Babu yako,
Eyvindur


Bergen, Norwe
20 Januari 1979

Babu,

Hujambo? Sisi hatujambo. Mume wangu Torleif anakusalimu kwa Kiaislandi chake kibovu. Tumbo limeanza kugonga ngazi za meli. Fundi mkuu ameniambia mwezi ujao nitakaa karakana, sitashuka tena kwenye vyumba vya injini. Nimemwambia mwanamke mwenye mimba akishikwa na umeme wanawaka wawili. Hakucheka. Watu wa Bergen hucheka mvua ikikatika, yaani hawacheki.

Barua yako niliipata kabla ya Krismasi. Niliisoma juu ya ngazi, bisibisi mdomoni, nikacheka mpaka bisibisi ikaanguka. Kisha nikakasirika wiki tatu. Ndiyo sababu ya kimya changu. Maana mimi, Babu, nimekuwa fundi umeme kwa sababu yako. Tangu nina miaka minne naambiwa, "Wewe Bibi Rannveig alikuja kukuombea jina akiwa na taa mkononi na mabuti ya mvua miguuni." Mtoto akiambiwa hivyo atasomea nini? Ushonaji?

Krismasi tulikuwa Reykjavík kwa Mama, na akina Rannveig wote watatu walikuwepo. Ulikuwa umeachiwa jirani akulishe, natumaini alikulisha. Ngoja nikupe yaliyosemwa mezani, nyama ya moshi ikiwa bado haijakatwa.

Mama Mkubwa ndiye aliyeanza. Alisema Bibi alikuja na funguo, na mtu mwenye funguo hasemi mengi. "Alisema ardhi haiuzwi, basi. Nami sijauza, wala sijaolewa, maana mume naye ni mlango wa kuuzia."

"Funguo!" Rannveig Mwekundu akamrukia. "Kwa baba yangu Högni alikuja na mwiko, akaupiga mezani mara tatu. Mwenye funguo ni tajiri, dada. Mwenye mwiko ni mfanyakazi. Usitake kuniharibia bibi yangu." Unamjua. Siku ile wanawake wa nchi nzima walipoacha kazi, miaka mitatu iliyopita, yeye ndiye aliyezima mashine za kiwanda cha samaki kwa mkono wake, na mpaka leo akisimulia anapiga meza mara tatu.

"Unapiga meza kwenye kitambaa changu cheupe," Mama akamwambia.

"Kitambaa kitafuliwa. Nani atakifua? Hilo ndilo swali!"

Ndipo Rannveig wa Kinanda, kwa sauti yake ile ya kanisani, akasema, "Hakuwa na funguo wala mwiko. Alikuwa akiimba. Na mwezi uliopita amekuja tena, kwenye kikao cha yule mama anayezungumza na wafu. Amenituma nimshukuru Mjomba Eyvindur kwa kufikisha ujumbe wake vizuri."

Nilipaliwa na kiazi. Torleif alinipiga mgongoni. Wote watatu wakaniangalia, kisha wakaliangalia tumbo langu.

"Bado?" Mama Mkubwa akauliza.

Babu, nieleze ilikuwaje. Yote. Usinipe nusu.

Rannveig (wa Taa, inavyoonekana)


Bakki
27 Februari 1979

Mjukuu wangu,

Jirani alinilisha samaki mkavu na siagi siku tatu mfululizo, na stori za marehemu mumewe. Samaki walikuwa laini zaidi. Mashua ilikwama wiki mbili kwa barafu, kwa hiyo barua zako mbili, hii na ile kadi yenye picha ya nanga, zimefika pamoja. Rannveig wa Kondoo anataka kujua kwa nini nacheka na kamusi.

Bibi Petrína je, wamewahi kukusimulia? Alikuwa mama mkwe wa dada yangu Steinunn, yaani mama mkwe wa bibi yako. Alihesabu vipande vya sukari kabla ya wageni kuja na baada ya kuondoka. Mwaka wa ishirini na tisa, Steinunn alipokuwa na mimba yake ya kwanza, Petrína alitangaza kwamba akizaliwa msichana ataitwa Petrína, na hakukuwa na rufaa.

Steinunn akanifuata ghalani kwenye nyasi. Nilikuwa nimetoka shule ya Reykjavík, nina miaka ishirini na saba, na sifa ya ukweli iliyopita kiasi. Alikuwa na kipande cha sukari kati ya meno, kama alivyokunywa kahawa siku zote.

"Eyvindur," akasema, "wewe unajua Kilatini. Mtu anayejua Kilatini huaminiwa. Niotee."

"Nikuotee nini?"

"Mtu yeyote aliyekufa. Ila asiwe wa upande wao."

"Si uote mwenyewe?"

"Mimi nikidanganya masikio yananiwaka. Petrína ataona moto."

Ikawa asubuhi, kwenye uji, nikasema nimemwona bibi yetu Rannveig, na kwamba ameomba jina. Petrína akaweka kijiko chini. Unajua mila zetu: marehemu akija kuomba jina, anayemnyima anamletea mtoto nuksi, na hata Petrína hakuwa na ubavu wa kubishana na kaburi. Akauliza kwa ukali, "Alishika nini?" Nikaangalia ukutani, nikaona funguo za stoo zimening'inia. "Funguo," nikasema. Chini ya meza Steinunn alinikanyaga kwa nguvu mpaka ukucha wangu ukawa mweusi. Hiyo ndiyo ilikuwa asante yake.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye uongo mmoja, na uongo mmoja hauna uzito. Lakini mwaka wa thelathini na nne Högni, kaka yetu, akaja na mkewe mjamzito, akanitazama kama mtu aliyepoteza kondoo. "Kwangu hajaja?" akauliza. Ningemjibuje? Kwamba bibi yetu anapendelea? Mkewe alikuwa amesimama jikoni na mwiko. Na mwaka wa arobaini na moja dada yetu mdogo alipouliza, redio ilikuwa ikipiga wimbo wa kanisa. Ndivyo walivyozaliwa, mmoja kwa funguo, mmoja kwa mwiko, mmoja kwa redio. Nami nimekaa miaka yote hii nikiwatazama wakikua na kufuata vitu nilivyookota kwa macho chumbani. Bibi yangu mwenyewe hakuwa hivyo hata kidogo. Alikuwa mwoga wa bahari na aliwapenda sana paka.

Kuhusu taa yako nitakueleza siku nyingine. Karatasi imekwisha.

Babu yako


Bergen
2 Aprili 1979

Babu,

Karatasi haijakwisha. Naiona kwa upande wa pili, umeacha nusu nzima tupu.

Sisi wazima. Nimehamia karakana, natengeneza swichi kama bibi kizee anayesuka. Torleif amejenga kitanda cha mtoto kama vile kitavuka bahari ya kaskazini. Mvua.

Sasa nami nina la kuungama, ukoo wetu ukiwa ndio huu. Wiki iliyopita Mama alipiga simu. Akasema Mama Mkubwa hali vizuri kwa wasiwasi, na Rannveig wa Kinanda ameomba dua maalumu, na hata Mwekundu, asiyeamini chochote kisichopigiwa kura, ameuliza. Kisha Mama akanyamaza. Unakijua kimya chake. Nikamwambia, "Amekuja, Mama. Bibi Rannveig. Juzi." Masikio yaliniwaka mpaka nikashukuru kwamba simu haina macho.

Unadhani walifanyaje? Mama Mkubwa ameanza kufuma blanketi la sufu ya kondoo wake mweusi. Mwekundu ametuma kofia nyekundu, na barua ya kurasa nne kuhusu haki za mtoto mchanga. Wa Kinanda anatunga wimbo wa ubatizo. Kila mmoja ananiuliza Bibi alishika nini safari hii, na kila mmoja anataka ashike cha kwake. Niliogopa, nikasema alikuwa mikono mitupu.

Mama peke yake hakuuliza kitu. Alisema tu, "Vizuri," kisha, "Kwa hiyo ni yeye tena." Sauti yake haikunipendeza, na sijui kwa nini.

Nina maswali mawili. La kwanza: taa. La pili nimelipata usiku huu nikipanga majina yote kwenye karatasi. Tuna Rannveig wanne. Bibi Steinunn, mama yake Mama, aliyefariki mwaka wa arobaini na tisa, hana mtoto hata mmoja mwenye jina lake. Wewe uliyewaotea watu wote, Babu, je, dada yako mwenyewe hakuwahi kukujia?

Rannveig


Bakki
20 Mei 1979

Mjukuu wangu,

Ni msimu wa kondoo kuzaa, na nyumba haina usingizi. Hadi leo wamezaliwa mia na arobaini na watatu, mapacha wengi, na mmoja mwenye doa jeusi jichoni kama haramia. Rannveig wa Kondoo amemwita Mwalimu, kwa heshima yangu au kwa kunikejeli. Upepo uling'oa bati la paa upande wa kaskazini. Ni mara ya nne tangu mwaka wa hamsini na moja. Jino langu la mwisho la upande wa kulia limetoka na kubaki kwenye mkate. Nina nuksi, na nimeizoea.

Daktari alikuja kwa mashua. Alisikiliza kifua akasema, "Hm." Nikamuuliza kwa Kilatini maana yake, akasema ni hm ileile.

Blanketi ni zuri. Nimeligusa.

Mashua inangoja, utanisamehe kwa ufupi.

Babu yako


Bergen
18 Juni 1979

Babu,

Amezaliwa. Tarehe tisa, saa nne asubuhi, msichana, kilo tatu na nusu, vidole virefu na hasira za karibu. Mimi mzima. Torleif alilia, akasema ni mafua. Kama ilivyo desturi yetu jina lake halitamkwi mpaka abatizwe, na tunamwita Kidogo, ingawa kwa sauti si kidogo.

Ubatizo ni Jumapili tarehe tano Agosti, kanisani kwenu. Watakuja wote: Mama, Mwekundu, wa Kinanda na wimbo wake. Sisi tutafika tarehe tatu.

Niliuliza maswali mawili, ukanijibu kondoo mia na arobaini na watatu. Babu, mimi kazi yangu ni kutafuta waya uliokatika. Ndani ya meli huwezi kuuona. Unapima kidogokidogo, na pale taa inapokataa kuwaka ndipo unapofungua ukuta. Nimepima barua zako zote. Nikitaja Petrína, inawaka. Nikitaja Högni, inawaka. Nikitaja taa yangu, au Bibi Steinunn, giza. Na kwa nini unahesabu nuksi zako kuanzia mwaka wa hamsini na moja? Mimi nimezaliwa Januari ya hamsini na mbili.

Torleif ameniuliza, "Mtoto anaitwa nani hasa?" Nimemwambia anayejua ni mtu mmoja. Nikimsimamisha Kidogo pale mbele na jina la ndoto niliyoitunga mimi, juu ya ndoto ulizozitunga wewe, nitafanya hivyo nikijua. Kama una la kuniambia, liwe hapa kabla ya tarehe tatu. Ukinyamaza, atakuwa Rannveig wa tano, nami sitakuuliza tena, wala hapa wala mbinguni.

Tunakupenda. Kula.

Rannveig


Bakki
15 Julai 1979

Mjukuu wangu mpendwa,

Nimefurahi mpaka daktari amekataza. Vidole virefu ni vya kwetu. Hasira ni za Petrína. Damu haiombi ruhusa. Nyasi zimekatwa na harufu inaingia dirishani. Nimehamishiwa kitanda cha chini, karibu na jiko, na naandika mistari mitano kisha napumzika, kwa hiyo barua hii imechukua siku nne. Sina hakika na tarehe tatu. Ndiyo maana siwezi kungoja nikwambie kwa mdomo, na nadhani kwa mdomo nisingeweza.

Nilikuandikia kwamba sikuota. Huo nao ulikuwa uongo, au robo tatu tu ya ukweli. Kwa watatu wa kwanza sikuota.

Ilikuwa Agosti ya hamsini na moja, wakati wa kuvuna nyasi kama sasa. Salvör alikuwa amekuja kutusaidia, na mimba yako ilikuwa imeanza kuonekana. Steinunn alikuwa na miaka miwili kaburini. Baada ya chakula cha mchana nililala juu ya nyasi, jua likiwa usoni, nikamwona. Alikuwa amevaa mabuti ya mvua, na mkononi ameshika ile taa yake ya zizi la ng'ombe, inawaka mchana kweupe. Nikamwambia izime, unapoteza mafuta. Akacheka, sukari ikiwa kati ya meno, akaketi karibu yangu, akanikanyaga mguu palepale pa zamani. Akasema, "Umewaotea wote, Eyvindur. Sasa ni zamu yangu."

Niliamka nimelowa machozi. Taa ile na mabuti yale sikuviokota chumbani, Rannveig. Ndivyo vitu pekee katika ndoto zote nne ambavyo sikuvitunga.

Niliingia ndani. Wote walikuwa mezani kwa kahawa, na walipoiona sura yangu walijua. Salvör alisimama. Alikuwa tayari amekusudia kukupa jina la mama yake, alikuwa akingoja neno tu. Akaniuliza, "Ni nani, Mjomba? Ni Mama?"

Nimejiuliza miaka ishirini na nane kwa nini nilijibu nilivyojibu. Jibu si zuri. Mara tatu nilikuwa nimekaa meza ile nikidanganya kwa uso mkavu, na wote waliujua uso ule kuwa ndio uso wangu wa ndoto. Sasa machozi yalikuwa bado hayajakauka mashavuni. Niliogopa kwamba wakiiona ndoto ya kweli wangejua mara moja zile nyingine zilikuwa nini, na Rannveig watatu wangekuwa watoto wa funguo, mwiko na redio. Mkubwa wao alikuwa amekaa palepale, ana miaka ishirini na miwili, funguo za stoo kiunoni. Kwa hiyo nikatafuta uso wangu wa zamani, nikauvaa. Nikasema, "Ni Bibi Rannveig."

Mama yako akaketi. Akakoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari. Akasema, "Basi Mama hakutaka kuja kwangu." Hajawahi kulisema tena. Ulipomsikia kwenye simu akisema "Kwa hiyo ni yeye tena," hilo ndilo ulilolisikia.

Wasomee barua hii wote watatu, mezani. Mwekundu atapiga meza, wa Kinanda atasema wafu wamesamehe, na wa Kondoo atakwenda kuangalia mifugo. Waambie funguo, mwiko na wimbo ni vyao kwa haki, wamevifanyia kazi kuliko marehemu yeyote. Lakini kabla yao msomee mama yako, peke yake, mkiwa mmekaa. Mwambie mama yake alikuja, siku ya jua, akiwa na taa. Kwamba jina lililoombwa siku ile lilikuwa Steinunn, aliliomba mwenyewe akicheka, na mimi, kaka yake, ndiye niliyemnyima.

Eyvindur